Barua zetu hazijibiwi: kijiji cha wakulima kinaingiaje kwenye bajeti ya serikali?

Swali la mwenyekiti wa kijiji kimoja cha Nyanda za Juu Kusini:

"Nilichaguliwa Novemba 2024. Watu wetu wanalima mahindi na maharage. Uongozi uliopita uliandika barua halmashauri, na sisi tumeendelea kuandika, tukiomba mambo matatu: ghala, barabara ya mashambani ipitike masika, na skimu ya umwagiliaji kwenye bonde letu. Jibu ni lile lile, fedha hazipo. Kijiji jirani wamepata skimu na sioni wanachotuzidi. Kuna programu gani za serikali ambazo hatuzijui, na kijiji kinaingiaje? Wengine wanatushauri tutafute wafadhili. Na je, tuanze kufyatua matofali ya ghala ili kuonyesha nia?"

Jibu:

Ndugu Mwenyekiti, hongera kwa kuchaguliwa na pole kwa barua. Nimekaa idara ya mipango muda wa kutosha kujua zinakoishia: zinapigwa muhuri wa kupokelewa, zinapewa namba ya jalada, zinaandikwa "kwa utekelezaji kulingana na upatikanaji wa fedha", halafu zinalala. Anayezipokea mara nyingi hana nia mbaya. Hana tu kifungu cha bajeti cha kutolea hela. Mkurugenzi wa halmashauri halipi kwa sababu barua imeandikwa vizuri. Analipa kwa sababu mradi umo kwenye mpango uliopitishwa na baraza la madiwani, ukaingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa kupangia mipango na bajeti za halmashauri, ukapita mkoani na TAMISEMI, na Bunge likaidhinisha. Mradi ambao haumo humo, hata mkurugenzi akiupenda, mkaguzi atamuuliza pesa ameitoa wapi.

Jambo la kwanza basi ni kuachana na ile barua moja yenye maombi matatu, kwa kuwa mambo matatu hayo yana wenyewe watatu. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA tangu Julai 2017. Umwagiliaji uko Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, iliyoundwa kwa Sheria ya Umwagiliaji ya 2013. Ghala ndilo peke yake linalobaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa halmashauri yenu, pamoja na ushirika na Wizara ya Kilimo. Mkija kuomba maji ya kunywa siku nyingine, hayo nayo yana mlango wake: RUWASA, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji ya 2019. Umeme ni REA. Viongozi wengi wa vijiji bado wanaiona halmashauri kama ilivyokuwa miaka ya 2000, ofisi moja yenye kila kitu. Siku hizi inabidi kujua nani anashika nini, la sivyo mtajibiwa na mtu ambaye hata angetaka hawezi kuwasaidia.

Jambo la pili ni kalenda, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo vijiji vingi vinapopotezea nafasi. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Watu wanadhani Julai ndiyo wakati wa kuomba kwa kuwa ndipo fedha mpya zinapoingia. Kufikia Julai kila shilingi ina jina lake. Bajeti inayoanza kutumika Julai imesomwa bungeni kati ya Aprili na Juni. Kabla ya hapo ilipita baraza la madiwani, kwa kawaida Januari au Februari. Kabla ya baraza, timu ya menejimenti ya halmashauri ilikaa kuchambua na kukata. Kabla ya menejimenti kulikuwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kabla ya kata kulikuwa na ninyi. Ukirudi nyuma hatua kwa hatua utaona kwamba kijiji kinachotaka mradi uanze Julai kinatakiwa kiwe kimemaliza kazi yake ifikapo Oktoba au Novemba ya mwaka uliotangulia. Usisubiri mwongozo wa bajeti kutoka Hazina ndipo uanze. Ukishatoka, maofisa wanafanya kazi usiku na mchana na hakuna mwenye nafasi ya kuja kuwauliza mnataka nini. Wanachukua kilichopo mezani.

Kinachotakiwa kuwepo mezani ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inaupa mkutano huo, yaani wakazi wote waliofikisha miaka 18, madaraka ya juu kabisa kijijini. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inapendekeza na kusimamia. Mkutano mkuu ndio unaoridhia. Muhtasari wenye tarehe, orodha ya mahudhurio, hoja, uamuzi na sahihi yako na ya mtendaji ni hati ya kisheria. Risala si hati ya kisheria. Nalisema hili kwa sababu vijiji vyetu vina ufundi mkubwa wa risala: mkuu wa wilaya akija, risala, mbio za Mwenge zikipita, risala, waziri akisimama dakika kumi njiani, risala yenye kurasa nne. Inasomwa, inapigiwa makofi, inakabidhiwa kwenye bahasha. Kiongozi akitoa ahadi, furahini, lakini wiki ileile mtendaji wa kijiji amwandikie mtendaji wa kata akitaja ahadi hiyo, nakala kwa idara ya mipango, ili iingie kwenye mapendekezo ya kata. Ahadi isiyofuatwa hivyo huondoka na msafara.

Upangaji wenyewe una utaratibu wake, ule wa Fursa na Vikwazo vya Maendeleo ambao wengi tunauita O&OD. Zamani kijiji kilikuwa kinatoa orodha ndefu ya shida, kurasa kwa kurasa, na halmashauri ikapokea orodha kutoka kila kijiji ikashindwa pa kuanzia. Utaratibu ulioboreshwa unauliza kwanza ninyi wenyewe mmeanza nini, ndipo serikali iongezee. Binafsi naona umeboreka kwelikweli, ingawa baadhi ya kata bado zinaujaza kama fomu. Faida yake kwenu ni kwamba kijiji chenye vipaumbele viwili vilivyofanyiwa kazi kinaonekana haraka kuliko chenye ishirini vilivyoorodheshwa.

Sasa tulichukue ghala, maana hilo mnaweza kulisukuma wenyewe.

Sentensi ya "kijiji kinaomba msaada wa ghala la kuhifadhia mazao" haina kitu cha kumshika afisa mipango. Haimwambii mazao kiasi gani, ya nani, yanauzwa wapi, ghala litajengwa kwenye ardhi ya nani na litaendeshwa na nani. Hayo matano mkiyajibu, hata kwa karatasi mbili, mmekwisha kuvipita vijiji vingi wilayani. Chukua hesabu ya mfano tu: kijiji kikiuza magunia 6,000 ya kilo 100, hizo ni tani 600. Bei ya shambani ikiwa shilingi 500 kwa kilo, thamani yake ni shilingi milioni 300. Sheria ya Fedha ya 2017 ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Asilimia 2 ya milioni 300 ni milioni 6. Ushuru huo anatozwa mnunuzi, ingawa kila mkulima anajua nani anaubeba mwishowe. Kwa hiyo kijiji cha mfano huu kinaiingizia halmashauri milioni 6 kwa msimu kwa mahindi peke yake, endapo ushuru unakusanywa wote. Fanyeni hesabu hiyo kwa namba zenu halisi. Mwombeni mtendaji wa kata takwimu za mashine ya POS ya kituo chenu cha ushuru, mlinganishe na magunia mnayojua yametoka. Mara nyingi namba hizo mbili hazifanani, na hapo diwani wenu anapata hoja ya kusimama nayo kwenye baraza: ghala linawakusanya wanunuzi mahali pamoja, na ushuru unaokwepwa usiku kwenye njia za panya unaonekana mchana. Halmashauri inapenda sana kusikia mradi unaoongeza mapato ya ndani, kwa kuwa sehemu ya mapato hayo lazima iende kwenye maendeleo. Miongozo ya bajeti ya miaka ya karibuni imezitaka halmashauri zitenge asilimia 40 kwa kazi hiyo, na zenye mapato makubwa zaidi ya hapo.

Ardhi ndiyo mtego unaofuata. Mkisema "eneo lipo", mtaulizwa hati iko wapi. Mnachohitaji ni uamuzi wa mkutano mkuu unaotenga eneo kwa shughuli hiyo, ukubwa wake, mipaka yake na majirani waliokubali. Kama mtu alikuwa na shamba pale, maandishi ya makubaliano naye yawepo. Bora zaidi kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, kwa sababu hapo ardhi ya shughuli za umma inakuwa imekwisha kuchorwa na mgogoro hauji katikati ya ujenzi. Nimeona mradi wenye fedha benki ukihamishiwa kata nyingine kwa sababu familia moja ilikwenda mahakamani wiki ambayo fundi anachimba msingi.

Halafu kuna swali ambalo watu hawapendi kuulizwa mapema: ghala likikamilika ni la nani? Serikali ya kijiji itasema letu. AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, itasema la wakulima. Halmashauri itasema lilijengwa kwa fedha zetu. Nchi hii ina maghala mazuri yenye kufuli lenye kutu, na yanayotumika kuwekea viti vya mkutano, kwa sababu swali hilo liliachwa lijijibu lenyewe. Liandikeni kabla: nani mmiliki, nani mwendeshaji, mkulima analipa kiasi gani kwa gunia, fedha ya kuweka dawa na kurekebisha paa inatoka wapi. Kama hamna AMCOS, Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inaruhusu wakulima 20 hadi 30 kuanzisha chama cha mazao, na afisa ushirika wa wilaya ndiye wa kumwona. Kwa mahindi, mnunuzi mmoja wa kumfikiria tangu mwanzo ni NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambao hufungua vituo vya ununuzi mahali penye mzigo mwingi uliokauka vizuri na panapofikika kwa lori. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima anaweka mazao ghalani na kupewa hati ya mzigo wake, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kwa kishindo kwenye korosho msimu wa 2007/08, umeshafika kwenye ufuta, mbaazi na choroko. Kwenu, wa mahindi na maharage, singeukimbilia. Ghala la stakabadhi linahitaji leseni na mwendeshaji anayekidhi masharti. Anzeni na kukusanya, kukausha, kupima na kuuza pamoja. Hilo peke yake linabadilisha mazungumzo na mlanguzi.

Barabara nitaipita haraka. Nendeni kwa meneja wa TARURA wa wilaya na muulize jambo moja: hiyo barabara imo kwenye mtandao wao wa barabara uliosajiliwa? Kama haimo, hakuna mwaka itakaotengewa fedha, hata mpige kelele vipi, na kazi yenu ya kwanza ni kuomba isajiliwe kupitia kata na baraza. Kama imo, muulize imepangwa kwa matengenezo ya aina gani na mwaka upi. Ni kweli kwamba fedha za TARURA ziliongezeka baada ya shilingi 100 kuongezwa kwa kila lita ya petroli na dizeli mwaka wa fedha 2021/22, lakini mtandao wenyewe ni mrefu na sehemu kubwa ni udongo. Msiombe barabara yote. Ombeni sehemu zinazokata mawasiliano, lile kalavati na ule mlima wa utelezi, mkitaja umbali kutoka shule au zahanati. Mhandisi anayeletewa sehemu tatu korofi anaweza kuziingiza kwenye matengenezo ya sehemu korofi. Anayeletewa kilomita kumi na nne za lami anacheka, na ana haki ya kucheka.

Skimu ni habari nyingine, na sasa nikujibu kuhusu kijiji jirani. Sijui kisa chao, lakini naweza kukisia walichowazidi: makaratasi ya maji. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilielekezwa umwagiliaji. Fedha nyingi zikija kwa kasi hivyo, Tume inatafuta miradi iliyo tayari. Tayari maana yake upembuzi yakinifu umefanyika au eneo linajulikana, kuna chama cha wamwagiliaji kilichosajiliwa, mgogoro wa ardhi haupo, na maji yapo kihalali. Hilo la mwisho ndilo linalowashangaza wengi. Mto kupita kijijini kwenu hakuwapi ruhusa ya kuuchepusha kwa ajili ya skimu. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kibali cha kutumia maji kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde, na kwa upande wenu wa nchi itakuwa Bonde la Rufiji, la Ziwa Rukwa au la Ziwa Nyasa, kutegemea mto wenu unamwaga wapi. Kama mto unaishia Rufiji, tegemeeni maswali mengi zaidi, kwa sababu kule chini kuna mashamba makubwa, hifadhi na mabwawa ya umeme yanayosubiri maji yaleyale.

Kwa hiyo kwa skimu, mwaka huu msiombe ujenzi. Ombeni mhandisi wa umwagiliaji wa wilaya aje aone bonde, apime, aandike taarifa ya awali. Anzisheni chama cha wamwagiliaji hata kabla ya mfereji. Ulizeni ofisi ya bonde maji yaliyobaki kugawiwa ni kiasi gani kiangazi. Gharama ya hatua hizi ni ndogo, na kijiji kilichozipitia kinakuwa kwenye orodha fupi pale fedha zinapotafuta pa kwenda.

Umeuliza programu ambazo hamzijui. Nadhani nyingi mnazijua kwa majina, ila mnazichukulia kama za mtu mmoja mmoja wakati kijiji ndicho kinachofungua au kufunga mlango. Ruzuku ya mbolea ni mfano. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Mbeya tarehe 8 Agosti 2022, na msimu ule mfuko wa DAP uliokuwa ukiuzwa zaidi ya shilingi 130,000 ukashuka hadi 70,000. Anayepata ni mkulima aliyeandikishwa kwenye daftari la kidijitali na taarifa zake zimehuishwa. Uandikishaji huo unafanyika kwenu, kwa mtendaji na afisa ugani. Mwenyekiti anayeuchukulia kama kazi ya serikali kuu anawanyima watu wake mbolea bila kukusudia, na kuna hasara ya pili: daftari hilo ndilo linalosema kijiji kina wakulima wangapi na ekari ngapi. Likisema mko mia moja wakati mko mia tano, andiko lenu la ghala limeshapingwa na takwimu za serikali yenyewe. Pitieni majina kitongoji kwa kitongoji. Mjane aliyeandikishwa kwa jina la marehemu mume wake na kijana aliyekodi shamba ndio wanaosahaulika zaidi.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani nayo ipo kisheria tangu 2018: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023 baada ya matatizo ya usimamizi na vikundi hewa, ikarejea 2024 kwa utaratibu mpya wenye uhakiki zaidi. Ni fedha nzuri, lakini nina angalizo kwa wakulima. Ratiba ya marejesho haiendi na msimu. Kikundi kinachokopa Desemba kupanda mahindi kinaweza kudaiwa rejesho kabla mahindi hayajavunwa. Vikundi vya kijiji kama chenu hufanya vizuri zaidi vikikopea kinachozunguka haraka, mfano mashine ya kupukuchua inayokodishwa, kuku wa mayai, au kununua na kuuza maharage. Someni ratiba kabla ya kusaini, na msikubali kikundi kilichoundwa wiki moja kabla ya fomu kutoka.

TASAF, iliyoanza mwaka 2000, wengi wanaifahamu kwa ruzuku ya kaya maskini. Ina pia ajira za muda, ambapo walengwa wanalipwa kwa kufanya kazi ya mradi uliochaguliwa na jamii. Lambo dogo, njia ya shambani au miti kwenye chanzo cha maji vinaweza kuibuliwa humo. Mkiangalia vizuri, chanzo cha maji cha skimu yenu ya kesho kinaweza kulindwa na mradi wa leo. Mfuko wa Jimbo, ulio na sheria yake ya 2009, ni wa kuongezea nguvu jambo lililokwisha kuanzwa na wananchi, si wa kuanzishia. Usipeleke ghala zima huko, peleka mabati. Kuhusu BBT, programu ya kilimo ya vijana iliyoanza 2022/23, wajulisheni vijana wenu nafasi zinapotangazwa, lakini haitajengea kijiji miundombinu yake, hivyo nisikupotezee muda.

Wafadhili. Mashirika yapo na mengine yanafanya kazi ya maana, ila shirika makini litawauliza maswali yaleyale ya ardhi, umiliki na uendeshaji, kisha litawataka mpitie halmashauri. Hakuna njia ya mkato ya kukwepa makaratasi. Na jihadharini na mtu atakayekuja na kompyuta mpakato akiwaomba laki tatu za "kuandika andiko" kwa mfadhili ambaye jina lake hatalitaja hadi mmelipa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata analipwa mshahara kwa kazi ya kuwasaidia kuandika.

Nimebakiza jambo ambalo hukuliuliza. Kijiji chenu kinasoma mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu kwenye mkutano mkuu, kama sheria inavyotaka? Nauliza kwa sababu wakati wa kukata miradi, maofisa wanajuana na vijiji kwa sifa zao. Kijiji ambacho michango ya darasa ilipotea na hakuna aliyeulizwa, mradi wake unapewa alama ya kalamu kabla haujajadiliwa, na hakuna atakayewaambia hivyo usoni. Taarifa ikibandikwa ubaoni, ikasomwa, ikaulizwa maswali, muhtasari wa mkutano huo nao ubebeni mnapokwenda kata. Ni ushahidi mzuri kuliko sifa mtakazojipa.

Vilevile, baadhi ya mambo yanayowaumiza hayatatuliwi na mradi wowote. Yanatatuliwa kwa kubadilisha kanuni. Kama kizuizi cha ushuru kinamtoza mkulima anayehamisha magunia yake mwenyewe, someni sheria: tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja unaovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru. Mnaweza kuwa mnalipa kisichodaiwa. Kama tatizo ni sheria ndogo ya halmashauri, diwani ndiye wa kuibeba, na rasimu za sheria ndogo hutakiwa kuletwa kwa wananchi kutoa maoni, matangazo ambayo mara nyingi hubandikwa ofisi ya kata na hakuna anayeyasoma. Likiwa kubwa kuliko wilaya, zipo sauti zilizokwisha kuzoea milango ya Dodoma: ALAT kwa upande wa mamlaka za serikali za mitaa, tangu 1984, na MVIWATA kwa upande wa wakulima wadogo, tangu 1993. Ule ushuru wa asilimia 5 haukushuka siku moja. Wakulima na wafanyabiashara waliulalamikia miaka mingi, kwa takwimu na kwa makelele, hadi ukaguswa.

Mwisho, matofali. Nia yenu naielewa na utaratibu wa sasa unaithamini nguvu ya wananchi, lakini msifyatue bado. Nchi ina maboma mengi yaliyofika usawa wa lenta yakasimama kwa sababu msingi haukufuata ramani, au tofali halikufikia kiwango, au halmashauri haikuwa na taarifa na hivyo haikutenga fedha ya kumalizia. Mwiteni kwanza mhandisi wa halmashauri aoneshwe eneo, awape ramani ya ghala ya ukubwa unaolingana na tani zenu na awaambie kama anataka tofali za saruji au za kuchoma. Mwombeni aandike makadirio na atenganishe mchango wa wananchi na wa halmashauri. Makadirio hayo yaambatanishwe kwenye muhtasari wa Oktoba. Wakati mnamsubiri, mchanga, mawe na kokoto mnaweza kuanza kuvisomba, kwa sababu hivyo havichagui ramani, na vikipimwa na kuandikwa vinahesabika kama mchango wenu.